Maji ya Mchicha Hayamwagwi

Nyuma ya nyumba yetu, pale lilipokuwa zizi la ng'ombe wa marehemu mama, mchicha huota bila kuombwa. Ukichuma leo majani mapana kama kiganja cha fundi ujenzi, keshokutwa yamerudi mapana zaidi, kijani kilichokolea mpaka kinakaribia weusi. Ng'ombe walikwisha zamani, lakini jirani yetu mfuga kuku aliomba kumwaga samadi yake upande ule, akaruhusiwa, kwa hiyo ardhi ile haijawahi kulala njaa. Wageni wakiuona mchicha wetu husema tuna mkono wa baraka. Mimi tangu utoto sikuupenda. Kitu kisichochoka kutoa hunitia wasiwasi, hata kikiwa mboga.

Mama alikuwa na sheria nyingi jikoni, na nyingi tulizivunja akigeuka tu. Moja hatukuthubutu: maji yaliyochemshia mchicha hayamwagwi. Majani ya wakubwa, maji ya mtoto, ndivyo alivyosema, maana nguvu yote ya jani imeshuka humo. Maji yale yalichujwa kwenye bakuli, yakafunikwa kwa sahani, yakalala hadi kesho yake ili yakomae, na mtoto mchanga aliyekuwepo nyumbani akanyweshwa kwa kijiko. Mimi sikuyaonja nikiwa mchanga, kwa sababu zizi na bustani vilikuja nikiwa tayari nina meno. Niliyanywa baadaye, nikiwa nakimbia uani. Kama kuna nguvu iliyoingia, iliishia mdomoni. Waulize wateja wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba hii ndiyo karakana yangu, na kutoka kwenye kiti changu naona barabara kwa jicho moja na ua kwa jicho la pili. Sikuolewa. Nilibaki kwetu, na kaka yangu wa pekee akaleta mke. Huyo ndiye wifi yangu, na habari hii ni yake.

Aliingia kwetu mwembamba, mpole, mwepesi wa kuitika "abee" kabla hujamaliza kumwita. Mtaa mzima ulisubiri tugombane, maana mawifi wakipendana majirani hukosa cha kusema. Tuligombana, lakini kwa utani: nilimwita mbuzi kwa jinsi alivyopenda majani, naye aliniita sindano. Alipojifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, mama alimkabidhi bakuli la maji ya mchicha kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba.

Mtoto yule hakufikia umri wa kukaa. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika kidole cha mtu alipoanza kubadilika rangi. Haikuwa njano, wala ule weupe wa homa. Ilikuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria, kwanza kuzunguka mdomo, halafu kwenye kucha. Mama alisema damu imepungua, aongezewe maji. Alikufa adhuhuri, jua linawaka, nguo zake zikiwa bado kambani.

Siku ya msiba, mbele ya wanawake waliokuja kutupa pole, mama alimgeukia mkwewe.

"Ulikuwa unamwaga maji," alimwambia. "Unaona uvivu kumnywesha, unayamwaga nyuma ya nyumba. Nilikuonya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, maji yakimwagika hayazoleki."

"Haki ya Mungu, mama, sikumwaga."

"Kama hukumwaga, mtoto yuko wapi?"

Wanawake walitazamana, kisha wakatazama mikono yao. Mimi nilikuwa msichana, nimekaa kizingitini, na nilielewa kwamba hukumu imeshapita. Kuanzia siku hiyo wifi yangu alijulikana mtaani kuwa ndiye aliyemwaga.

Binti yake alizaliwa mbali. Kaka alihamishwa kikazi, wakaishi kwenye nyumba za kampuni zilizosakafiwa saruji mpaka uani, mahali ambapo mboga ililetwa na muuza mboga siku moja moja, na mtoto akalelewa kwa maziwa ya mama yake ambayo, tunamshukuru Mungu, yalikuwa ya kumwagika. Alikua vizuri. Mama yangu alipofariki walirudi nyumbani, na miaka michache baadaye kaka naye akatutoka, presha. Tukabaki wanawake watatu na bustani.

Hapo ndipo wifi alipopata kazi ya upishi katika kliniki ya wazazi, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Damu. Mkunga akimvuta mjamzito kope ya chini na kukuta ndani peupe, alimwambia, "Pita jikoni kwa Mama Damu." Wakapita. Nimemtembelea jikoni kwake nikaona anavyofanya kazi, na sitamnyima haki yake. Alichuma asubuhi kabla jua halijalegeza majani. Aliosha kwenye karai, akabadilisha maji, akaosha tena mpaka mchanga ukaisha chini, ndipo akakata; hakukata kabla ya kuosha, maana alisema ukikata kwanza unaosha na uzima wake. Mashina aliyamenya na kuyatanguliza. Majani yalifuata, sufuria ikafunikwa, na kabla hujamaliza kusimulia uongo mmoja mboga imeiva na bado ni ya kijani. Kitunguu, nyanya, mafuta kidogo, kwa sababu ndani ya mchicha kuna kitu cha kusaidia macho ambacho mwili haukipati bila mafuta. Ndimu mwishoni, kwa sababu madini ya chuma yaliyo mbogani ni magumu kuingia mwilini mpaka yasindikizwe na kitu kichachu. Na aliyeomba chai juu ya mboga alifukuzwa jikoni kwa mwiko.

"Chai inaiba," aliwaambia. "Umekula chuma chako vizuri, halafu unamkaribisha mwizi."

Hata mbegu hakutupa. Alizikaanga kavu mpaka zikaanza kuruka, akazisaga, akazitia kwenye uji wa wajawazito, na wanawake walioingia pale wakishika ukuta kwa kizunguzungu walitoka wakitembea kifua mbele. Yote aliyowaambia yalikuwa kweli, na nadhani hilo ndilo lililomponza. Mtu akishakuwa sahihi kwa mambo kumi, nani atambishia la kumi na moja?

Jambo moja tu kliniki ilimkatalia. Mkunga alimwambia kwamba mtoto mchanga hapewi kitu ila maziwa ya mama, si maji ya mboga wala maji matupu. Kazini alitii. Nyumbani aliniambia jioni ile, huku akichambua majani, "Wale wamesoma, wifi. Mimi nimezika."

Binti alikaa katika ndoa muda mrefu bila mtoto. Mimba zilikuja zikaondoka. Mumewe ni dereva wa malori, wiki huku, wiki kule, kwa hiyo binti alikaa hapa kwetu; mtu mzuri anayerudi nyumbani amelala tayari. Hatimaye wakapata mvulana. Alitoka na paji pana lenye mikunjo ya hasira, kaka yangu mtupu, tukamwita Mzee. "Mzee ameamka?" "Mzee amejikojolea." Wifi alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, ila kila alipomwita alimpapasa paji. Nilijua anaona watu wawili ndani ya kitambaa kimoja: mumewe, na yule mtoto wa kwanza.

Binti anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Likizo ya uzazi ilipokwisha ilibidi arudi, mtoto angali mchanga wa kulala siku nzima, na maziwa yake yakaanza kupungua kwa uchovu. Wifi alikuwa ameshastaafu.

"Niachie mume wangu," alisema. "Wewe nenda kaoke mikate."

Mtoto akaachiwa maziwa ya kopo na bibi yake. Maziwa ya kopo hukorogwa kwa maji, na mtu aliyeijua nyumba yetu hakuhitaji kuuliza ni maji gani. Bakuli na sahani vilikuwa vya zama za mama; wifi aliyaweka maji hayo kwenye chupa ya chai ya maua mekundu, yakakaa humo vuguvugu kutwa na kucha. Yakiisha, yanachemshwa mengine. Kila jioni, jua likienda kuzama, nilimsikia kule nyuma akichuma, mashina yakikatika moja baada ya jingine, na harufu ya samadi ikiingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja.

Nilimuuliza mara moja. "Wifi, mkunga si alikataza?"

"Mkunga hakumzaa mtoto wangu, wala hakumzika." Alikuwa amembeba Mzee mgongoni, anamtingisha, anatazama bustani. "Safari hii hakuna atakayesimama mbele za watu aniambie nimemwaga."

Chupa ilikuwa mezani, kifuniko kimekazwa.

Aliyegundua ni mimi, kwa sababu kazi yangu ni rangi. Nilikuwa nampima Mzee shati lake la kwanza. Nilikuwa nimepata kipande cha kitambaa cheupe pee, nikakisogeza karibu na uso wake, na juu ya weupe ule nikaona. Mdomo ulikuwa umezungukwa na kijivu. Nikashika kidole chake nikakifungua. Kucha zilikuwa na ule ubluu wa mbali wa vitambaa ambavyo wateja huniletea wakisema ni vyeupe, mimi nikisema si vyeupe. Rangi ile nilikuwa nimeiona mara moja tu maishani, na siku hiyo nilikuwa msichana.

"Wifi, hebu njoo."

Alikuja akifuta mikono. Aliangalia mdomo, kisha kucha. Naye alikuwa ameitambua; nilijua kwa jinsi alivyovuta kanga akaibana shingoni kwenye joto lile. Alipofungua mdomo, maneno yaliyotoka yalikuwa ya mama yangu.

"Damu imepungua," alisema. "Nitamwongezea."

Akamwongezea.

Binti alirudi akiwa bado na unga kwenye nyusi, akamwona mtoto, hakukaa hata chini. Alimbeba mbio hadi hospitali ndogo ya jirani. Wakamwekea hewa ya mtungi, wakasikiliza moyo, wakasema hauna kasoro. Wakamlaza kwa uangalizi, na binti akalala naye, akimpa kile kidogo alichonacho kifuani na kumkorogea kopo kwa maji ya bomba yaliyochemshwa wodini. Walipotoka Mzee alikuwa na midomo myekundu, ana hasira zake, anapiga mateke. Hakuna aliyejua alikuwa na nini. Walimrudisha na neno moja tu, aangaliwe.

Nyumbani, wifi alikuwa ameshachemsha. Chupa ilikuwa imejaa.

Rangi ikarudi. Haikurudi kwa kishindo. Asubuhi yuko mzima, jioni ana kijivu, na siku ambayo binti hana zamu anapona kana kwamba hakuwahi kuumwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na binti si mjinga. Alianza kuona kwamba mtoto wake huugua yeye akiwa hayupo, akaanza kutafuta ni nani aliyekuwepo. Mama yake alikuwepo. Lakini mama yake ni Mama Damu, aliyewasimamisha wanawake wa nusu ya mtaa. Nikabaki mimi: mwanamke asiye na mtoto, mwenye mdomo mchungu na mkasi mezani, na niliyekuwa wa kwanza kuitaja rangi ile.

Alianza kumwondoa Mzee mapajani mwangu, kwa adabu kabisa. "Shangazi, lete nimbadilishe." "Shangazi, pumzika, utachoka." Siku moja akalikuta lile shati jeupe limekwisha, nimelipiga pasi, nimeliweka juu ya kochi. Akaniomba nisimvalishe.

"Mwanangu, sema unachotaka kusema," nilimwambia.

"Sina la kusema, shangazi."

"Basi kama huna, usiniangalie hivyo."

Akalia. Nami nikarudi kwenye cherehani nikashona mshono uliopinda, jambo ambalo wateja wangu hawatalisadiki. Niliumia, sitaficha. Mtoto yule ni damu ya kaka yangu, nami nilikuwa nimemkatia kitambaa kwa mikono hii. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, hofu. Nilijua kwamba ndani ya nyumba yetu kuna kitu kinamla mtoto. Nilijua si mimi. Nilikuwa natazama kila kona, taa, godoro, sabuni, rangi ya ukuta, na sikukiona. Kila jioni tulikaa kula, sisi watatu, mchicha katikati, nami nimekula mchicha maishani mwangu mpaka naona aibu kukutana na mbuzi na sijawahi kuumwa hata tumbo. Ningewezaje kuutilia shaka? Wifi alikula na kushiba, akanawa mikono, akaifuata chupa.

Alianza kukonda yeye sasa. Usingizi ulimkimbia, nikiamka asubuhi namkuta ameshatoka bustanini, gauni limelowa umande, karai limejaa. Alichuma zaidi na kuchemsha kwa maji machache zaidi, ili yakolee. Mzee akiwa na kijivu kidogo, anapewa. Mzee akizidi, anazidishiwa. Nilimsikia akimwambia kwa kumbembeleza, "Kunywa, mume wangu, kunywa. Usiniaibishe kwa watu." Nami nikasema moyoni, maskini, anampenda mno.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuchosha. Binti alikuwa kazini. Nilikuwa naweka vifungo kwenye koti la mteja niliposikia kimya. Kuna kimya cha mtoto aliyelala, na kuna kimya kingine. Niliinuka, sindano ikaanguka, sikuiokota.

Wifi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, Mzee mapajani, chupa iko wazi ubavuni mwake. Mtoto alikuwa na rangi ya bati. Macho yamefumba nusu, shingo imelegea. Na wifi alikuwa anamtia kijiko mdomoni, taratibu, maji yanatoka pembeni, anayakinga kwa kidole, anayarudisha. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilipoinama nikasikia anachosema.

"Simwagi, mama. Simwagi. Anayanywa yote."

Mama yangu alikuwa amekufa zamani. Nilimpokonya mtoto, sikuwa nimeelewa bado, niliona tu kwamba hamezi na atapaliwa. Nikapiga kelele mpaka mfuga kuku akatokea na gari lake la kubebea mayai. Tulikaa nyuma, kati ya makreti, manyoya ya kuku yakituruka usoni, nami nikimpulizia Mzee na kumwita kwa jina la marehemu kaka. Wifi alikaa mbele yangu ameshika kikapu. Hata katika hali ile alikuwa ameipakia chupa.

Hospitali kubwa haikutuuliza maswali mlangoni. Waliona rangi, wakakimbia naye. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye raba miguuni. Alimtoboa Mzee kisigino. Damu iliyotoka haikuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia, kama kahawa chungu, na daktari aliipaka kwenye karatasi nyeupe, akaipunga hewani, akasubiri igeuke nyekundu. Haikugeuka.

Mwanamke aliyeitwa Mama Damu aliiona damu ile. Aliketi chini palepale, mahali pasipo na kiti.

Walimpa dawa mshipani, ya bluu kama wino. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto aliyegeuka bluu hutibiwa kwa bluu. Binti alifika na aproni ya kazini, tukasimama watatu nyuma ya kioo, hakuna aliyemgusa mwenzake. Tulitazama kijivu kikitoka mdomoni polepole, kama doa linavyokubali sabuni, kisha kwenye vidole, na kisha Mzee akakunja paji akalia kilio cha mtu aliyeamshwa bila heshima. Nesi alitoka akatuambia tusishtuke nepi zikitoka na rangi ya bluu. Nilicheka. Nilicheka vibaya, nikajiziba mdomo.

"Amepona?" binti aliuliza.

"Atapona," daktari alisema. Alikuwa ametuingiza kwenye chumba chake, kidogo, kina meza na feni inayolia. "Lakini nataka nijue anakula nini na anakunywa nini. Nisipojua mtarudi, na siku hiyo labda hamtawahi. Nani anabaki naye?"

"Mimi nakuwa kazini," binti alisema. "Wanaobaki naye ni mama, na shangazi."

Hakunitazama aliponitaja. Hakuhitaji.

Wifi akaingiza mkono kikapuni, akatoa chupa ya maua mekundu, akaiweka mezani. Aliiweka kwa fahari, Mungu amsamehe, kama mtu anayeweka ushahidi wa kumwokoa.

"Hakunyimwa kitu, daktari," alisema. "Anakunywa haya. Ya kuongeza damu."

Daktari alifungua, akanusa, akatazama ndani. "Maji ya mboga?"

"Mchicha."

"Umechemsha leo?"

"Jana. Ya leo hayajakomaa."

"Na mchicha wenyewe unaota wapi?"

"Nyumbani kwetu, penye samadi ya kuku. Zamani palikuwa zizi."

Daktari aliifunika chupa. Aliisogeza mwisho wa meza, mbali na sisi sote, na alipoanza kusema alisema kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali.

"Bibi, mchicha si sumu. Mimi mwenyewe naula. Wewe kula, mama yake ale, ni mboga nzuri sana kwa damu ya mtu mzima. Na huyu akifikisha umri wa kula, mpikie, ale siku hiyohiyo. Lakini ukiota kwenye samadi nyingi, jani linavuta kitu kutoka kwenye ile samadi. Ukichemsha, kinashuka kwenye maji. Maji yakilala, kinageuka, kinakuwa kikali. Sisi wakubwa miili yetu inakimudu. Mtoto mchanga hawezi. Kinaishika damu yake, inashindwa kubeba hewa. Ndiyo maana mmeona imekuwa kahawia. Damu haikupungua. Ilikuwepo, imefungwa."

Feni ilikuwa inalia. Binti alinigeukia. "Shangazi," alisema. Nilimshika mkono. Hasira yangu yote ilikuwa imeondoka, na nilitamani irudi, kwa sababu nilianza kuona kinachokuja.

"Swali la mwisho," daktari alisema. "Katika familia, kuna mtoto mwingine aliyewahi kupata rangi hii?"

"Hapana," binti alisema upesi. "Nilikuwa na kaka, kabla sijazaliwa, lakini yeye alikufa kwa kukosa damu. Walisema mama alikuwa..."

Mtaa mzima unajua kilichosemwa; naye aliokota kwa majirani akiwa mtoto, kama watoto wanavyookota kila kitu.

Wifi alikuwa anaitazama chupa. Nikauona uso wake ukirudi nyuma, taratibu, bila huruma: chupa, bakuli, sahani juu ya bakuli, zizi, kijiko, rangi kuzunguka mdomo, na sauti ya mama yangu ikisema aongezewe. Nilitaka kusimama nimzibe macho. Hakuna anayeweza kumziba mtu macho ya ndani.

Hakumgeukia daktari, wala binti yake. Alinigeukia mimi.

"Wifi, wewe ulikuwepo," alisema. "Mama alisema nilikuwa namwaga."

"Nilikuwepo."

"Niliapa. Hakuna aliyeniamini."

"Najua."

"Sikumwaga, wifi." Alikuwa anasema polepole, kila neno analiangalia kabla ya kulitoa. "Hata tone moja. Yote nilimpa yeye."

Tangu siku ile ya msiba alikuwa akisubiri mtu mmoja wa nyumba yetu amwambie neno moja. Mama alikufa bila kulisema, na kaka akafa bila kulisema. Nilikuwa nimebaki mimi tu.

"Nakuamini," nikamwambia, na hapo ndipo alipopiga yowe.